Na Wenzake

Barua pepe ilinikuta jikoni nikimenya viazi. Chuo kimoja kilikuwa kinaniomba niwe mtathmini wa nje wa mhadhiri anayetaka kupandishwa kuwa profesa. Nisome orodha ya machapisho yake, nipime uzito wa kazi hizo, nieleze zimenukuliwa na nani na zimeleta mchango gani katika baiolojia ya molekuli, hapa nchini na nje. Nikafuta mkono kwenye kanga, nikafungua kiambatisho. Jina lililokuwa juu lilikuwa la mtani wangu.

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka. Nilicheka mpaka jirani akauliza kupitia dirishani, "Dada, kuna heri huko?" Nikamjibu heri ipo, tena nyingi.

Ile makala iliyowekwa kichwani mwa orodha, ile ambayo watafiti wa Nairobi na Ibadan na hata Ulaya wanaitaja kila wakiandika juu ya kimyanga, niliifanya mimi. Sisemi nilishiriki. Sisemi nilisaidia. Niliifanya kwa mikono hii iliyokuwa na maganda ya viazi, na sasa nilikuwa naombwa, kwa heshima zote, niwaambie watu ni nzuri kiasi gani.

Kimyanga ni ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga kuwa wa njano. Mmea unadumaa, na ukitoa masuke yanakuwa mapepe matupu. Mkulima wa Madibira akikwambia shamba limeingia kimyanga, hakuna haja ya kumuuliza mwaka huu atasomesha watoto kwa kitu gani. Nilikutana na ugonjwa huo nikiwa nimerudi Mbeya na shahada yangu ya pili, nikaajiriwa kwenye maabara iliyokuwa na mashine mbili nzuri na umeme wa kubahatisha.

Wiki hiyohiyo aliajiriwa yeye. Siku ya kwanza kantini alinikuta nimefungua bakuli la nyama, akainama, akanusa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Samahani dada, huyu mbwa ni wa kienyeji?"

Nikamwambia ni mjukuu wa yule mbwa aliyewakimbiza babu zake mpaka Songea.

Kantini nzima ilicheka, na sisi tukajuana. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, na Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaamua ugomvi uhamie mdomoni, na toka hapo Mngoni na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukamkaribisha chai. Anaweza kuchukua kitu chako mkononi, na ukikitaka unakikomboa kwa kitu kidogo, kuku au soda, na huruhusiwi kununa. Msibani ndiyo kabisa, mtani ni mfalme. Atamwigiza marehemu, atalala njiani jeneza lisipite, ataiba sufuria la ubwabwa, na waliofiwa watacheka huku machozi yanatoka. Sisi wa huku tumelelewa hivyo. Mtu asiyejua utani tunamwonea huruma kidogo.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi na mtani wangu na niseme ukweli, nilimpenda kama ndugu. Umeme ukikatika na friza ikaanza kupoteza ubaridi, ni yeye aliyekimbia kuwasha jenereta. Naitrojeni ya maji, ile tunayogandishia majani kabla ya kuyasaga, tulikuwa tunaiomba kwa wale wanaopandikiza ng'ombe mbegu za madume, na yeye ndiye aliyejua kuwabembeleza. Alirudi na mtungi unafuka moshi mweupe, anapiga kelele korido nzima, "Mhehe, pisha, nimeleta pumzi ya fahali!" Mama yake alikuwa anaishi hapa Mbeya, upande wa Uyole, na kila Jumapili niliyokwenda kwake alinipokea mlangoni kwa maneno yaleyale: "Mla mbwa wangu kaja. Mficheni huyo Simba." Simba lilikuwa jibwa lao, zee, halina meno. Kisha alinipa chakula mpaka nashindwa kuinuka.

Shamba lililonipa makala lilikuwa la mama mmoja wa Kisukuma, ambaye familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wao na baadaye wakaingia kwenye mpunga. Tulikwenda kwake kuchukua sampuli. Shamba lilikuwa njano kama limemwagiwa manjano ya mchuzi, ila katikati mashina machache yalisimama kijani, yametulia, kana kwamba ugonjwa hauyahusu. Mtani wangu alikuwa amekaa kivulini anakunywa maziwa ya mgando na kumwambia yule mama kwamba Wasukuma nao wangekuwa watani wazuri kama wasingekuwa wakubwa vile. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope, naangalia mashina yale. Nikajiuliza yana nini.

Swali hilo ndilo lililonila miaka. Nilisaga majani, nikatoa vinasaba, nikavirudufisha kwenye mashine, nikavipitisha kwenye jeli, nikaona vimistari nilivyovitaka, kesho yake nikarudia visionekane. Nikaanza upya. Nilikuja kupata kwamba kwenye jeni moja ya mashina yale kuna tofauti ndogo sana, herufi chache tu, na virusi vinapofika hapo vinashindwa kushika, vinaishia mlangoni. Nilirudia jaribio mpaka mkuu wetu wa maabara akaniambia mama inatosha, andika. Mtani wangu aliendesha gari, alihesabu mimea shambani, alinipigia hesabu za takwimu ambazo mimi huzichukia. Sikatai. Nafasi ya pili ilikuwa yake kwa haki na nilimwandika hapo bila kuombwa.

Labda nieleze habari ya nafasi, maana walio nje ya kazi hii huniambia, "Si jina lako lipo? Unalia nini?" Kwetu jina la kwanza ni la aliyefanya kazi. La mwisho ni la mkuu wa maabara. Walio katikati walisaidia. Na watu wakija kuinukuu makala hawaandiki wote. Wanaandika jina la ukoo la yule wa kwanza, kisha "na wenzake". Ndivyo kazi inavyotembea duniani, kwa jina la mtu mmoja na kundi la watu wasiojulikana nyuma yake.

Na jina la ukoo si langu. Ni la baba.

Baba alikuwa fundi seremala, upande wa Tosamaganga. Alitengeneza madawati ya shule, na kila dawati alilomaliza aliligeuza miguu juu, akatia chuma kwenye makaa mpaka kikaiva, akachoma jina lake chini ya ubao, mahali ambapo hakuna mwalimu angeona. Nikiwa shule nilikuwa napapasa chini ya dawati wakati wa mtihani. Nikikuta herufi zile moyo unatulia. Wakati mwingine nilikuta za fundi mwingine na nikafeli, ingawa hapo chuma hakikuwa na kosa.

Nilipokuwa naandika makala nilimweleza, tumekaa barazani kwake, baridi ya Iringa inaingia mifupani, yeye kavaa koti lake la jeshi la mitumba.

"Kwa hiyo hao watakaosoma," aliuliza, "wataandika jina langu?"

"Jina lako, baba. Mimi sina jingine."

"Hata Wazungu?"

"Hata Wachina."

Alichezea kipande cha penseli. Kisha akasema nimletee nakala itakapotoka, ataifanyia fremu ya mninga. Mninga alikuwa nao tayari, kaukausha juu ya dari.

Hakuingoja. Aliondoka kwa presha wakati makala imekamilika, imebaki kutumwa kwenye jarida.

Watu wa maabara walikuja kuzika, wamejazana kwenye gari la kazi toka Mbeya, na mtani wangu alishuka wa kwanza. Shangazi yangu, dada yake baba, alipomwona tu alisalimu Kihehe kwa kelele, akawaonya wanawake wa jikoni. "Kamwene jamani, Mngoni huyo! Sufuria zikalieni!" Mimi nilikuwa ndani na wanawake, sijala, sijaongea, nimeshika koti la baba.

Basi nikasikia kicheko nje. Kicheko cha msibani unakijua, kinaanza kwa aibu. Nikatoka kwenda kuangalia. Mtani wangu alikuwa kajichomeka penseli sikioni, kavaa aproni ya baba, anapima jeneza kwa futi kamba huku anatikisa kichwa kama baba alivyokuwa anatikisa akiona kazi mbovu. Alikagua kona. Akagonga ubao. Akasema kwa sauti ya baba, kabisa ya baba, "Hii kona haijakaa. Nani kanilaza kwenye kazi ya namna hii? Niteremsheni nirekebishe mwenyewe!"

Nilicheka. Nilicheka na kulia pamoja mpaka shangazi akanishika kiuno. Toka baba afariki hapo ndipo nilipopumua, na aliyenipumulisha ni yeye. Nayaandika haya kwa makusudi, ili nisije nikasema nilimchukia siku zote.

Kisha akapita ndani, akatoka na mkoba wangu wa kompyuta, kauinua juu. "Huu wa msomi nao nachukua! Makala ni yangu, na jina langu naliweka mbele!"

Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nikamjibu kama mtani anavyojibiwa, "Chukua, Mngoni! Chukua na umeme wake unaokatika!"

Shangazi akaukomboa mkoba kwa tetea mweupe. Mtani akamkwapua kuku, akarudisha mkoba, watu wakacheka, tukaenda kuzika. Nasisitiza hapo. Mkoba ulikombolewa. Kila kitu kilikwenda kama desturi inavyotaka, na mashahidi wapo.

Nilibaki nyumbani kumaliza matanga na kugawana na ndugu zangu vile vitu vidogo anavyoacha fundi. Siku moja akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya upole, haina utani hata kidogo. "Pole mtani. Usijisumbue na jarida, faili ninalo, nitaituma mimi. Wewe pumzika."

Nikamwambia asante. Nilimwambia na Mungu akubariki.

Makala ilipotoka nilikuwa nimesharudi kazini. Mwenzetu mmoja aliifungua kwenye kompyuta yake, akatuita, "Njooni muone, tumetoka!" Nikainama. Jina la kwanza lilikuwa la mtani wangu. La pili, langu. Nilidhani macho. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Maneno ndani yalikuwa yangu, neno kwa neno, hata sentensi moja ndefu mno niliyokuwa nimepanga kuikata. Kilichobadilishwa ni nafasi za majina tu.

Nilimkuta kantini. Nilitaka kusema kwa utulivu lakini mimi ni Mhehe na watu wanatusema tuna hasira, na siku hiyo sikuwaangusha.

"Umefanya nini na makala yangu?"

Alitabasamu. Akawageukia walio mezani. "Jamani, huyu si alinipa mwenyewe? Msibani, mbele ya baba yake! Alisema chukua!"

Meza nzima ikacheka. Walikuwepo, walisikia. Mmoja alikumbuka mpaka yale ya umeme. Nikasema mkoba ulikombolewa, na kuku mlimla. Wakazidi kucheka. Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo walivyofurahi, kwa sababu waliona naufanya utani vizuri.

Baadaye alinifuata nje, pale tunapoanika magunia ya sampuli, na hapo hakucheka. Alisema alikuwa anaomba nafasi chuoni na bila makala yenye jina lake mbele wasingemtazama. "Wewe una kichwa, utapata nyingine. Mimi sina nyingine, mtani." Alisema kama anayeniomba chumvi. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba. Akasema, "Ungekataa."

Nilikwenda kwa mkuu wa maabara. Alikuwa ameshaambiwa kwamba tumekubaliana, na hakuona sababu ya kumuuliza mtu aliye kwenye matanga. Nikamwomba tuliandikie jarida wasahihishe. Alijikuna shingo muda mrefu. Alisema tukianza kugombania majina, wafadhili watatuonaje, na maabara yenyewe unaijua hali yake. Mwisho akanipa jibu ambalo nimelisikia toka kwa watu wengi toka siku hiyo, "Nyie ni watani. Malizaneni wenyewe."

Kwa hiyo hata haki ya kununa sikuwa nayo. Mtu akiibiwa na jirani anakwenda kwa mjumbe wa mtaa. Akiibiwa na mtani anaulizwa kwa nini hacheki.

Nikabaki Mbeya, yeye akaenda chuoni. Fremu ya baba ipo kwangu, tupu. Nimeandika makala nyingine, za kawaida, za mtu anayefanya kazi yake. Ile moja ikaendelea kukua bila mimi. Katika mkutano mmoja Iringa, mtafiti toka nchi jirani alinisikiliza nikieleza kazi yangu mpya, akanivuta pembeni wakati wa chai, akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba ningefaidika sana kusoma kazi ya, na akataja jina la mtani wangu, na wenzake. Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Mimi ndiye wenzake?

Na kibaya kuliko vyote, kila ninapoandika chochote juu ya kimyanga lazima niinukuu. Siwezi kuikwepa, ndiyo msingi. Naandika jina lake kwa mkono wangu, na kila nikiliandika yeye anaongezeka. Mimi ni mmoja wa watu waliompandisha.

Basi hiyo ndiyo hali barua pepe ile iliponikuta na viazi. Ningeweza kukataa siku hiyohiyo. Sikukataa, kwa sababu kwa mara ya kwanza toka baba azikwe kuna mtu alikuwa ananiuliza rasmi: mchango wa mtu huyu ni upi? Nilisoma upya makala ile kama mgeni. Nilitafuta kasoro ya kuishika, sikuipata. Ile sentensi ndefu tu. Kila nilichoandika kikawa sifa, na sifa yote ikaenda kwake. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Nilikuwa sijamaliza, habari ikaja kwamba mama yake amefariki.

Nilimlilia yule mama. Nilimlilia peke yake, bila kumchanganya na mwanawe. Halafu, nikiwa naosha uso, wazo likanijia na likanipendeza sana. Msibani mtani anasema lolote. Hakuna wa kumnyamazisha, hakuna wa kumwambia malizaneni. Watu wa maabara watakuwepo, mkuu wetu mstaafu atakuwepo, watu wa chuoni kwake watakuwepo. Nitasimama mbele yao wote na nitasema.

Uyole ilikuwa mvua na matope mekundu. Turubai limelemewa na maji, wanaume wanalisukuma kwa ufito. Wahehe tulikuwa wachache, mimi na wanawake wengine wa mtaa ule, lakini jeneza lilipotolewa tulijilaza njiani kwenye mkeka kama inavyotakiwa. Mmoja wetu alidai mbwa aliyemrithi Simba, akasema hatutoki bila supu. Watu wakaanza kulainika. Ndipo nikainuka.

"Jamani, mimi sitaki mbwa," nikasema. "Mimi nataka changu. Huyu mfiwa mnayempa pole ni mwizi."

Wakacheka.

"Alikuja kumzika baba yangu akatoka na jina lake. Baba yangu alikuwa fundi, jina lake lilitakiwa lisomwe mpaka kwa Wachina. Huyu kalifuta kaweka lake! Kazi nimefanya mimi, miaka, macho yameniharibika. Yeye alikuwa chini ya mti anakunywa mgando! Leo anaitwa msomi, anaomba uprofesa kwa jasho langu. Mwulizeni kama nasema uongo!"

Sauti yangu ilikatika pale kwenye jina la baba, na sikuipanga ikatike. Na watu walikuwa wanagaagaa. Mkuu wetu mstaafu alikuwa anafuta macho kwa leso. Profesa mmoja wa chuoni kwao alimshika mwenzake bega asianguke. Mama mmoja nyuma akasema, "Huyu Mhehe anajua! Analia kabisa!"

Nikamtazama yeye. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa, uso umevimba kwa siku za kulia. Na alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka huku machozi yanashuka, mabega yanatikisika, anapumua kama mtu aliyetolewa kitu kifuani. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nacho mimi, nimeshika koti la baba. Nilikuwa nimekuja kumvua nguo mbele za watu, na kumbe nimemfariji.

Akainuka, akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akarudi na jogoo mwekundu kafungwa miguu. Akamwinua watu wamwone.

"Nakomboa!" akasema. "Jina la fundi nakomboa kwa jogoo! Yameisha?"

"Yameisha!" wakajibu watu, na vigelegele vikapigwa mpaka kwa wachimba kaburi. Msiba mzima ukinitazama, nilimpokea yule jogoo. Ningefanyaje?

Wakati ananikabidhi aliniinamia sikioni. "Asante mtani," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya upole ya simu ya siku ile. "Ile tathmini imekufikia? Wakuu waliniuliza nani anaijua ile kazi vizuri. Nikawaambia hakuna kama wewe."

Kisha akageuka akashika mshikio wa jeneza la mama yake.

Nilirudi nyumbani na matope mpaka magotini. Sikubadilisha nguo. Nilifungua kompyuta, nikafuta sifa zote, nikawaandikia wale wakuu wa chuo sentensi moja: siwezi kuitathmini kazi hii kwa sababu ni yangu. Jibu lilikuja haraka, lenye adabu nyingi. Walinishukuru kwa uwazi wangu wa kuwajulisha kwamba mimi ni miongoni mwa waandishi wenza, na kwa kuwa hilo linaleta mgongano wa maslahi, watamtafuta mtathmini mwingine. Walimpata. Nasikia aliandika kwamba mchango wa mgombea ni wa kipekee, na kwa hilo hakukosea, maana kazi ni nzuri.

Sasa anaitwa profesa. Hata mimi nikimtaja kazini namwita hivyo, mdomo unazoea.

Jogoo nilimfungua miguu, yuko uani. Ni mkali, anafukuza watoto wa jirani, na anawika wakati wowote anaojisikia. Shangazi aliposikia habari yake kwenye simu alishangaa. Huko Iringa wanajua kwamba cha kukombolea hakifugwi. Kinaliwa, na kikishaliwa hakuna anayerudi nyuma kuuliza.

"Mpaka leo hujamchinja? Mchinje, mwanangu. Ukishamla, mambo yenu na yule Mngoni yanakuwa yamekwisha."

"Najua, shangazi," nikamwambia. "Ndiyo maana sijamchinja."

Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia mahindi, na mapepe ninayoleta toka shambani. Akasema mapepe hayamtoshi, nimwongezee dagaa. Nikakata simu, nikaenda kumtafutia dagaa.